Nani Yupo Saa Nane za Usiku?

Watoto wa Rubona, kwetu Rwanda kando ya Ziwa Kivu, wametawanyika. Kuna aliyeolewa Goma, kuna aliye ofisini Kigali, kuna aliyekwenda Brussels zamani na wajukuu wa huko hawajui Kiswahili wala Kinyarwanda. Siku mama anapoteleza akielekea choo cha nje, simu zinaanza kupigwa, na upande wa pili linatoka swali lile lile: huko hakuna nyumba ya wazee tumpeleke, sisi tulipe?

Jibu fupi: Rwanda haina mtandao wa nyumba za wazee za kulipia kama ule wa Ubelgiji. Jibu refu ni kwamba hata ingekuwa nao, swali hilo limeruka hatua. Kabla ya kutafuta kitanda, familia inapaswa kujua mzee wao anahitaji mikono ya nani, mara ngapi, na saa ngapi. Anayejua hayo ataona upesi kama kinachotakiwa ni fimbo na taa, mfanyakazi wa nusu siku, watu wawili wa kupokezana, au hospitali. Asiyejua atalipia kisichohitajika na kukosa kinachohitajika, awe Rubona au Brussels.

Kipimo kipo, tena ni cha zamani. Mwaka 1963 daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake walichapisha orodha ya mambo sita ambayo mtu mzima hujifanyia: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Mara nyingi kuoga ndiko kunakomshinda mzee kwanza, na kula ndiko kunakobaki mwisho. Mwaka 1969 Lawton na Brody waliongeza orodha ya mambo ya kuendesha maisha, kama kupika, kushika hesabu ya fedha, kunywa dawa kwa wakati na kutumia simu. Orodha hizi hazihitaji daktari. Chukua daftari la shule, chora mistari, na kwa siku tatu mfululizo andika kila jambo: amefanya mwenyewe, amesaidiwa, au amefanyiwa.

Ila usimuulize. Mtazame. Mama wa Kinyarwanda hatakwambia kwamba ameshindwa kujifunga kitenge, na mzee aliyevua samaki wa sambaza ziwani miaka yake yote hatakiri kwamba anaogopa ngazi tatu za mlangoni. Na umtazame usiku pia. Wengi hupima mchana: mama amevaa vizuri, anapiga soga, wageni wanaondoka wakisema bado ana nguvu. Saa nane za usiku mama huyo huyo anasimama gizani, kichwa kinamzunguka kwa dawa ya presha, anapapasa ukuta akitafuta mlango. Uangalizi unaomtosha saa nne asubuhi lakini usiomtosha saa nane za usiku haumtoshi. Mimi hupanga kila kitu kwa kuanzia saa hiyo ngumu, kisha narudi nyuma kuelekea mchana, na gharama mara nyingi hupungua, kwa sababu mchana Rubona haikosi jirani.

Ngazi ya kwanza ya uangalizi: mzee anayejifanyia yote sita bado hahitaji mtu wa kumlea. Anahitaji nyumba iliyotengenezwa. Rubona ni mteremko unaoshuka ziwani, na anayekaa juu ya barabara iendayo kiwanda cha bia cha Bralirwa anajua ngazi za udongo zinavyokuwa mvua ikinyesha. Seremala wa kawaida anaweza kuweka mti wa kushika kutoka mlangoni hadi chooni, na kutengeneza kiti chenye tundu kinachowekwa juu ya shimo la choo mchana, na juu ya ndoo chumbani usiku. Taa ndogo ya sola iwashwe njiani. Kuhusu njia yenyewe, mwone mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, mapema, kabla ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Umuganda umeshatengeneza barabara na nyumba za watu, hautashindwa na hatua ishirini za kokoto. Kazi hizi ndogo hazina sifa, na ndugu walio mbali hupenda zaidi kutuma fedha za televisheni. Lakini mfupa wa nyonga ukivunjika, mzee anaweza kushuka ngazi mbili za uangalizi kwa siku moja.

Neno moja kuhusu chemchemi za moto za Nyamyumba, maana wazee wetu wanazipenda na hakuna atakayewakataza. Maji yale pale yanapotokea ni moto sana. Wapo wanaochemshia viazi humo. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu anaweza kuungua bila kusikia lolote. Anayemsindikiza atangulize kiwiko chake majini kabla ya mguu wa mzee.

Ngazi inayofuata ni ya mzee anayehitaji kusaidiwa jambo moja, mawili au matatu: kuogeshwa, kuvalishwa, kukumbushwa dawa. Hapa ndipo familia nyingi za kwetu zilipo, na hapa ndipo mambo huharibika kimyakimya, kwa kuwa kila mtu anaamini mwingine anafanya. Mtoto wa shule anaachiwa bibi. Au anatafutwa msichana kutoka kijijini, apike, afue, alee watoto, kisha “amwangalie na bibi”. Huyo bibi hataangaliwa. Mtu wa kumsaidia mzee apewe kazi hiyo kwanza, yenye saa zake zilizoandikwa: asubuhi kuogesha na kuvalisha, chakula cha mchana, jioni dawa na kumlaza. Kama atalala chumba kimoja na mzee ili aamke usiku, usiku huo ni kazi, ulipwe, na mchana wake upunguzwe. Apewe siku ya kupumzika. Makubaliano yaandikwe hata nusu ukurasa, na ndugu mmoja asaini.

Kuna jambo ambalo wageni hawalioni: nani anaruhusiwa kumwogesha nani. Mke wa mtoto kumvua nguo baba mkwe ni aibu kwa wote wawili, katika nchi ambayo desturi ya zamani ilimkataza hata kulitaja jina lake. Mtoto wa kiume kumwogesha mama, vilevile. Familia hulikwepa jambo hili, halafu inashangaa kwa nini mzee ana wiki mbili hajaoga na harufu imeanza. Lizungumzeni waziwazi. Kwa baba tafuteni mwanamume, mpwa au kijana wa kulipwa. Kwa mama tafuteni mwanamke asiye mkwe. Na muulizeni mzee mwenyewe anamtaka nani. Mara nyingi atamtaja mtu ambaye hamkumfikiria, na ni afadhali kumlipa huyo kuliko kulazimisha ndugu.

Mzee asiyetoka kitandani bila kunyanyuliwa yuko katika ngazi nyingine kabisa, na mtu mmoja hamtoshi. Nalisema hili nikijua linauma, kwa sababu wengi wana mama mmoja na binti mmoja. Binti huyo ataweza wiki tatu, pengine miezi mitatu, kisha mgongo wake utamkatalia. Anayelala muda wote ageuzwe kila baada ya saa mbili au karibu na hapo, mchana na usiku. Angalia visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo kila unapombadilisha nguo. Vitabu husema tazama wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia kiganja: sehemu yenye joto kuliko pembeni yake, au iliyokakamaa, au iliyolegea kama tunda lililoiva kupita kiasi, ni kidonda kinachoanza ndani. Usiisugue. Iondolee uzito na umwite mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Mlishe akiwa ameketi, si amelala, na asilazwe mara tu anapomaliza. Akikohoa kila anapokunywa maji, kituo cha afya kijue. Huenda uji mzito ukamfaa kuliko maji matupu. Na asipunguziwe maji ili kuokoa shuka. Wazee wenyewe huacha kunywa kwa kuogopa kukojoa usiku, kisha wanachanganyikiwa kwa ukavu na familia inadhani ni uzee.

Ngazi hii haina budi kuungana na hospitali. Mshauri wa afya wa mudugudu ndiye mlango wa kwanza, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya Gisenyi. Kama maumivu ni ya saratani au ugonjwa usiopona, uliza kwa jina: mofini ya maji. Uganda imeitumia tangu Dakta Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na Rwanda hutengeneza yake yenyewe. Wapo wanaoamini kwamba mofini ni dawa ya kuharakisha kifo. Inayotolewa kwa kipimo cha daktari ni dawa ya maumivu, na mzee anayelala bila kupiga kelele hula vizuri zaidi na huongea na wajukuu. Mwambie daktari mapema kuhusu kufunga choo, maana mofini hufunga choo, na dawa ya kulainisha itolewe pamoja nayo.

Nimemtenga kwa makusudi mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, kwa sababu havurugi ngazi moja tu, anazivuruga zote. Miguu yake ni mizima. Anajilisha, anajivalisha, ingawa sweta linaweza kutangulia shati. Kwa orodha ya Katz anapata alama nzuri, lakini hawezi kuachwa peke yake hata nusu saa, na Rubona ina ziwa mbele na barabara ya malori ya bia pembeni. Ndugu wa mbali hawamwelewi: wakipiga simu anawajibu vizuri, anawabariki, anauliza habari za watoto. Dada anayeishi naye anaonekana mlalamishi. Dawa ya ugomvi huo ni rahisi: ndugu wa mbali waje wakae siku nne, walale chumba cha pili. Kwa mzee kama huyu weka komeo juu ya mlango, mahali asipozoea kutazama, lakini usimfungie ndani na kuondoka. Moto ukitokea hatatoka. Wajulishe wavuvi wa gatini, wauzaji wa maduka na wa moto, wale wa pikipiki, wamjue sura na wajue wamrudishe wapi. Na usibishane naye. Akisema anakwenda kukamua ng’ombe ambao hawapo tangu ujana wake, tembea naye kidogo, muulize ng’ombe walikuwa wangapi, kisha mrudi kunywa maziwa ya ikivuguto.

Sasa fedha. Mutuweli, bima ya afya ya jamii, ndiyo ya kwanza, na kosa la kawaida ni kumlipia bibi peke yake: mchango hulipwa kwa watu wote wa kaya, na mwaka wake huanza tarehe 1 Julai. Fuata ngazi za matibabu, kituo cha afya kwanza na barua ya kuhamishwa baadaye. Ukimpeleka hospitali moja kwa moja bila dharura, utalipa mwenyewe kile ambacho mutuweli ingekulipia. Kaya isiyo na mtu mwenye nguvu ya kufanya kazi inaweza kuombewa msaada wa moja kwa moja wa VUP, mpango wa serikali wa kusaidia maskini ulioanza mwaka 2008. Ombi linapita mudugudu hadi sekta, kwa hiyo nenda ofisi ya sekta yetu, Nyamyumba, ukiwa na majina ya kaya nzima. Waliofanya kazi ya mshahara, wakiwemo wastaafu wengi wa kiwanda cha bia, wana pensheni ya RSSB, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kiwango chake cha chini kilipandishwa mwaka 2025 kutoka faranga 13,000 hadi 33,710 kwa mwezi, nyongeza ambayo watoto wengi hawajui kama imemfikia baba yao. Wewe mwenyewe uliye bado na nguvu, fungua akiba ya uzeeni ya Ejo Heza leo. Ilianzishwa mwaka 2018 hasa kwa ajili ya watu wasio na mwajiri, na mvuvi au mama wa sokoni anaweza kuweka kidogo kidogo kwa simu.

Fedha inayotoka nje ya nchi ipite kwa mtu mmoja, na matumizi yaandikwe kwenye daftari lile lile. Mlezi asiwe ndiye mshika fedha, kama inawezekana. Inamlinda yeye zaidi ya inavyowalinda ninyi. Karatasi yoyote ya shamba au nyumba isitiwe kidole gumba mzee akiwa mgonjwa, na wala si mbele ya mtoto mmoja tu.

Turudi kwenye nyumba za wazee. Katika ukanda wetu zipo, lakini nyingi si mahali pa kukodi kitanda. Ni kimbilio la wasio na mtu. Mifano ya aina hiyo ni Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, chini ya masista wanaoitwa Little Sisters of the Poor, na nyumba ya Nalukolongo, Kampala, ambayo Papa Fransisko aliitembelea Novemba 2015. Tanzania ina makazi ya serikali kama Nunge ya Kigamboni, Kolandoto ya Shinyanga na Njoro ya Kilimanjaro. Zanzibar ina Sebleni na Welezo, na tangu Aprili 2016 inalipa pensheni kila mkazi aliyetimiza miaka 70, awe ameajiriwa zamani au la. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua ya busara zaidi iliyochukuliwa kwa wazee katika Afrika Mashariki, kwa kuwa inamkuta mzee nyumbani kwake. Rwanda ina nyumba za Impinganzima, kule Huye, Bugesera, Nyanza na Rusizi, kwa ajili ya Intwaza: wazee waliofiwa na watoto wao wote katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Humo hupewa makazi, chakula, matibabu na watu wa kukaa nao. Mzee mwenye watoto watano, hata kama wote wako Ulaya, si wa kupelekwa huko.

Anayemtafutia mzazi nafasi Ubelgiji atakutana na orodha ile ile ya Katz kwa sura ya kiofisi. Nyumba za huko hupanga wakazi kwa herufi: O ni anayejiweza, A na B wanasaidiwa zaidi, C ni anayetegemea wengine karibu kwa yote, na D ni kwa wenye ugonjwa wa kusahau uliothibitishwa. Herufi huamua kiasi ambacho bima ya afya inailipa nyumba kwa ajili ya uuguzi. Kitanda na chakula hulipwa na familia kwa siku. Kwa hiyo siku ya mahojiano, usimwache baba ajisifu. Akimwambia mtathmini kwamba anaoga mwenyewe, atapewa herufi ya mtu anayeoga mwenyewe. Beba daftari lako la siku tatu.

Nyumba yoyote, ya Liège au ya Nairobi, itembelee baada ya chakula cha jioni, wakati wafanyakazi wa mchana wameshaondoka. Uliza usiku kuna wauguzi wangapi kwa wakazi wangapi. Uliza nini hakimo katika bei: nepi, kufua, kusuka nywele, daktari. Uliza hali yake ikizidi watamhamishia wapi, maana nyumba nyingine humpokea mzee anayetembea na kumrudisha anapoacha kutembea. Uliza pia kama yupo hata mfanyakazi mmoja anayesema lugha yake. Ugonjwa wa kusahau mara nyingi hula kwanza lugha zilizojifunzwa ukubwani. Mzee aliyefundisha kwa Kifaransa miaka thelathini anaweza kubaki na Kinyarwanda cha utotoni na Kiswahili cha sokoni Gisenyi, akaomba maji siku nzima katika jengo ambalo hakuna anayejua maji ni nini.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kuhesabu mikono ya usiku. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ya wilaya yetu ya Rubavu ilitikisika kwa siku kadhaa na nyumba zikapasuka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika na kubomoa nyumba watu wakiwa wamelala. Mzee asiyetembea anabebwa na nani? Wazazi wetu walikuwa na jibu: ingobyi, machela ya kienyeji, na chama cha majirani waliopeana zamu kuibeba. Waulize majirani wanne leo, kwa majina, na machela ikae mahali panapojulikana. Nyuma ya mlango bandika karatasi yenye dawa anazokunywa, namba ya mshauri wa afya, namba ya jirani mwenye gari, na 912, ya gari la wagonjwa. Na kama dawa zake hutoka Goma, weka akiba ya mwezi mzima. Mpaka ulifungwa wakati wa korona mwaka 2020, na Juni 2022 upande wa Kongo ulianza kuufunga saa tisa mchana.

Limebaki la mlezi. Huko Ulaya kuna vitanda vya muda, mzee hupokewa wiki mbili ili binti yake apumzike. Hapa kitanda hicho hakipo, lakini mapumziko yanaweza kupangwa: ndugu wa Kigali anachukua wikiendi moja kila mwezi, wa Goma Jumatano, wa Brussels analipa mtu wa usiku mara mbili kwa wiki. Iandikeni ratiba hiyo kwenye kundi la simu la familia, pamoja na majina. Kila miezi mitatu jazeni upya daftari la mambo sita, na kila baada ya kuanguka au kulazwa, bila kusubiri miezi mitatu. Mkiona mstari mmoja umehama kutoka “amesaidiwa” kwenda “amefanyiwa”, ongezeni mkono mmoja wiki hiyo, mkianza na usiku.